Sketi ya kitanda cha 5 kwa 6: achana na ya kulaza chini ya godoro, shona vipande vitatu

Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia swali, nalifupisha hapa. Ana kitanda cha mninga cha futi 5 kwa 6 alichochongewa na fundi, na uvungu wa hicho kitanda ndo stoo yake, kuna mabegi, masufuria ya shughuli, ndoo ya unga, na anakaa chumba na sebule kwahiyo pazia la mlangoni likisogea kidogo tu mgeni anaona kila kitu. Akanunua sketi ya kitanda ya mtumba, lebo imeandikwa Queen, akaitandika chini ya godoro. Kwa urefu imezidi, inajikusanya miguuni. Kwa kwenda chini ndo haifiki kabisa, imeishia kama inchi 9 kutoka sakafuni na begi linaonekana vilevile. Ana cherehani ya miguu ya kichwa cheusi, kashona shuka na foronya tu maishani mwake. Anauliza anunue kitambaa mita ngapi, aweke marinda au aache, na je satini inafaa maana ameiona kwa jirani inang'aa vizuri.

Dada yangu, kwanza nikutoe hofu, kama unashona foronya hii unaiweza, ni mishono ya kunyooka mwanzo mwisho. Tatizo lako haliko kwenye kushona, liko kwenye namna kitanda chako kilivyotengenezwa, na hapo ndo watu wengi wanapoteza kitambaa.

Hiyo sketi ya mtumba ilishonewa kitanda cha Marekani. Kule Queen ni inchi 60 kwa 80, na godoro lao linakaa juu ya boksi fulani la springi, boksi lenyewe baya halina sura, ndo sketi inawekwa kulificha. Kwahiyo wanashona kitambaa kipana kama shuka kinacholala katikati ya godoro na boksi, afu pembeni kinaning'inia inchi 14 au 15 hadi karibu na chini. Sasa angalia chako. Godoro lako, japo tunaliita 5 kwa 6, umeniambia ukilipima ni inchi 60 kwa 75, inchi 5 zimeshazidi hapo, ndo hizo zinazojikusanya miguuni. Afu godoro lako halikai juu ya kitanda, linazama ndani. Chaga zimekaa inchi 3 chini ya ncha ya juu ya zile mbao ndefu za ubavuni, kwahiyo kitambaa kikitoka kwenye chaga kinapanda kwanza inchi 3, kinavuka unene wa ubao inchi 1, ndo kinaanza kushuka. Katika inchi 15 umebaki na 11. Na kutoka ncha ya juu ya ubao wako hadi sakafuni ni inchi 20 (ubao 8, uwazi wa chini 12). 20 toa 11 ni 9. Ndo hizo inchi 9 zako, wala hukuibiwa.

Na hata ukishona mpya ya aina hiyo, ukaipa urefu wa kutosha, utakuwa umefunika ubao wa mninga. Mtu kalipia mninga halafu anauvalisha shuka, mi hapo siwezi kukubaliana na wewe kabisa. Pia kila ukifua lazima unyanyue godoro, na kama unachomeka neti chini ya godoro kila usiku basi unaivuta na sketi pamoja, ukiamka asubuhi upande mmoja umepanda mmoja umeshuka.

Kwahiyo kwa kitanda cha mbao cha kwetu mimi nashona vipande vitatu vinavyojitegemea, cha ubavu wa kulia, cha kushoto na cha miguuni, na vinashikizwa kwa NDANI ya ubao, sio nje. Ubao unaonekana na uzuri wake, chini yake ndo kinatokea kitambaa kinaziba ule uwazi wa inchi 12. Godoro haliguswi, neti haiguswi. Kichwani huhitaji kama kitanda kimegusa ukuta. (Kama ubao wako ungekuwa umechubuka au umeliwa na wadudu ningekwambia shikiza kwa nje ufunike, ila wako sivyo.)

Kabla hatujaenda dukani, hiyo ya mtumba usiitupe na usiigawe. Ile sehemu inayoning'inia ni 80 ubavu mmoja, 80 mwingine, 60 miguuni. Wewe kati ya mguu na mguu wa kitanda umeniambia ni 75 ubavuni na 56 miguuni. Inatosha! Chukua mkasi ukate lile shuka la katikati litoke, lakini usifumue mshono unaoshika marinda, ukiufumua tu marinda yote yanaachia unabaki na kitambaa kirefu cha kuanza upya. Kata inchi 1 pembeni ya mshono, upande wa shuka, ule ukanda wa inchi 1 unaobaki unaukunjia upande utakaotazama ubao na ndo unaokuja kushonea velkro (ule utepe wa kukwaruza, naueleza chini). Tenganisha kwenye kona upate vipande vitatu, kunja ncha za pembeni, basi. Sketi hiyo inaning'inia inchi 15, ukiacha inchi 1 juu ya sakafu ina maana 11 zinaonekana chini ya ubao na 4 zimejificha nyuma yake. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja na hujanunua kitambaa hata robo mita. Rangi kama huipendi hapo ndo tuongelee mpya.

Mpya sasa. Kimo: uwazi 12, toa inchi 1 ya kutogusa sakafu, ongeza 3 za kujificha nyuma ya ubao, unapata 14 ikiwa imekamilika. Juu ya hapo ongeza inchi 2 za pindo la chini na inchi 1 ya kukunja juu, unakata 17. Hiyo inchi 1 ya chini naomba uniheshimie. Sisi tunapiga deki. Kitambaa kikigusa sakafu kinanyonya maji ya deki kila siku, baada ya wiki tatu kina mstari wa kahawia chini ambao hautoki hata kwa jiki, na kikiwa cheupe ndo usiseme. Halafu kitambaa kinachogusa chini ni ngazi ya kunguni kupanda kitandani, kama nyumba ina historia hiyo hata inchi 2 acha.

Marinda au bila marinda? Kwa mara ya kwanza, na kwa uvungu unaotumika kama stoo, mi nakushauri bapa, na rinda boksi moja tu katikati ya kila kipande. Inatulia, haili kitambaa, na hilo rinda linafunguka ukitaka kuvuta begi. Rinda la inchi 6 kila upande linakula inchi 12. Kwahiyo ubavu: 75 + 12 + 2 za kukunja pembeni = 89. Miguuni: 56 + 12 + 2 = 70. Sasa nunua kitambaa cha mashuka, kile kipana, kinakuwa na kama mita 2.4 ambazo ni inchi 94, unakata vipande vitatu kukingama upana wake, hakuna kuunga hata sehemu moja. 17 mara 3 ni 51, yaani mita 1.3. Nunua mita 1 na nusu. Muuza duka atakushangaa maana anajua sketi ya kitanda ni mita nne tano, mwache ashangae.

Ukitaka ile ya marinda mengi ya kuvutwa hesabu inabadilika, unahitaji kitambaa mara mbili ya urefu. Hapo kila ubavu nafanya vipande viwili, vyote vinne vina upana wa inchi 77, na miguuni ni inchi 114 hivi ambayo unaipata kwa kuunga kipande kimoja kizima na mabaki. Ni vipande vitano, na nakata inchi 18 badala ya 17 kwa sababu juu kuna njia ya kupitisha waya, ntaeleza. 18 mara 5 ni 90, nunua mita 2 na nusu. Kwa kitenge chenye upana wa inchi 44 au 45 unatafuta vipande kumi, 18 mara 10 ni 180, hiyo ni yadi 5 kamili, kwahiyo pisi ya yadi 6 inatosha na kinabaki cha kushonea foronya mbili ndogo. Ila kitenge angalia maua yake yanaelekea wapi, kuna vile vya ndege au taa vina juu na chini, ukikata ovyo ndege wa ubavu mmoja watakuwa wamelala chali.

Kama ni pamba tupu, kabla ya kukata kiloweke, kianike, kipige pasi. Pamba ikifuliwa mara ya kwanza inarudi, na inchi 14 ikirudi hata nusu inchi inaonekana maana jicho linaona ule mstari wa chini kuliko kitu kingine chochote. Mchanganyiko wa pamba na polista hausumbui sana, na kusema kweli kwa kazi hii ndo naupenda zaidi, haujikunji kirahisi na unakauka haraka.

Satini, hapana. Inateleza chini ya mguu wa cherehani, kingo zake zinachanika nyuzi, kila mshono uliovutika unaonekana kwa sababu ya ule mng'ao, na ya polista inavuta vumbi la sakafuni. Jirani yako pengine yake imeshonwa na fundi mwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisichanike. Ukilazimisha basi tumia sindano namba 11 mpya, na uijaribu kwenye kipande cha mabaki kwanza. Kwa kitambaa cha shuka ni namba 14. Kitu kingine kuhusu kitambaa, kiinue dukani ukiangalizie mlangoni kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako kwa upande wa pili, na masufuria yataonekana hivohivo pale jua la dirishani likipiga kutokea ng'ambo ya kitanda. Ukikipenda bado, weka bitana ya shuka kuukuu.

Kushona kwenyewe. Cherehani yako ya kichwa cheusi haina zigizaga, haina shida, kila ncha tutaikunja mara mbili hakuna uzi utakaotoka nje. Anza na pembeni, kunja nusu inchi, kunja tena nusu inchi, piga mshono. (Ndo zile inchi 2 tulizoongeza, 1 kila upande.) Ukimaliza tafuta katikati ya kipande kwa kukikunja mara mbili, weka alama ya chaki juu. Pima inchi 6 kushoto weka alama, inchi 6 kulia weka alama. Chukua alama ya kushoto uilete mpaka katikati, ya kulia uilete mpaka katikati, zikutane ziangaliane, kitambaa kilichozidi kimekaa nyuma. Bana pini, piga pasi kutoka juu mpaka chini, hapa usikwepe pasi, hata ya mkaa inafaa mradi uweke kitambaa kibichi katikati. Piga mshono wa kushikiza juu tu, nusu inchi kutoka ncha.

Kisha kunja ncha ya juu nusu inchi mara mbili kuelekea upande ambao utatazama ubao, na juu ya hilo pindo shonea velkro. Velkro ni ule utepe wa kukwaruza unaouona kwenye viatu vya watoto, unakuja pande mbili, laini na wa kukwaruza. Wa laini ndo unakaa kwenye kitambaa, wa kukwaruza ndo unakaa kwenye ubao. Ukigeuza, kila ukifua ule wa kukwaruza unashika nguo nyingine na kukusanya manyoya, baada ya mifuo kadhaa haung'ang'anii tena. Na usinunue ule wenye gundi nyuma kwa ajili ya kushona, gundi inajaa kwenye sindano, uzi unaanza kuruka na kukatika unabaki unalaumu cherehani. Nunua wa kawaida mita 5 na nusu. Ukifika kwenye rinda kuna tabaka nyingi, toa mguu kwenye pedeli, zungusha gurudumu kwa mkono hatua kwa hatua mpaka uvuke, vinginevyo sindano inavunjika hapohapo.

Upande wa kukwaruza kwenye ubao, gundi peke yake haikai, joto la Machi likifika inaachia. Azima ile mashine ya stepo ya mafundi sofa, au tumia misumari midogo ya fundi viatu, kila baada ya inchi 4 au 5. Ingia uvunguni na tochi ya simu, pima kutoka ncha ya chini ya ubao kupanda juu inchi 3 (kwa ile ya mtumba ni 4), chora mstari wa chaki kwa ndani, utepe ukae na ncha yake ya juu kwenye huo mstari. Angalia msumari usiwe mrefu kuliko unene wa ubao, ukitokeza nje mninga umeharibika.

Umeona pindo la chini hatujaligusa bado. Makusudi. Sakafu ya saruji haijanyooka, upande mmoja wa kitanda unaweza kuwa na uwazi wa 12 na mwingine 11 na nusu, ukishona pindo mezani kwa kipimo kimoja ukija kuning'iniza linaonekana limepanda mlima. Kwahiyo bandika vipande vyote vitatu kama vilivyo, vitalala sakafuni vimezidi, halafu chukua kijiti cha mbao chenye unene wa inchi 1, kilaze chini kikigusa kitambaa, sogea nacho kutoka mguu mmoja hadi mwingine ukichora chaki juu yake. Mstari utapindapinda kufuata sakafu, ndo tunachotaka. Bandua, shusha inchi 2 chini ya mstari ukate kinachozidi, kunja nusu inchi halafu inchi 1 na nusu mpaka kwenye chaki, shona. Rinda utalifungua ili pindo lipite moja kwa moja, ukimaliza unalirudisha kwenye mikunjo yake na pasi. Na kila kipande kiandikie nyuma kwa uzi au kalamu kinakaa upande gani, maana sasa havibadilishani.

Kwa ile ya marinda mengi, wala usihangaike kuvuta uzi. Vitabu vinasema piga mistari miwili ya mshono mrefu ulegeze uzi wa juu uvute wa chini, ni sawa, ila kwenye inchi 77 uzi ukikatikia katikati unaanza upya na marinda hayalingani. Tumia waya wa pazia, ule wa springi uliovalishwa plastiki na vindoano vya kuzungusha kila mwisho. Juu ya kitambaa kunja nusu inchi kisha inchi 1 na nusu, shona, hiyo ndo njia ya waya na ndo inayokula ile inchi ya ziada. Pitisha waya, kitambaa kinajikunja chenyewe, unasambaza marinda kwa vidole. Funga vindoano vya skrubu kwa ndani ya ubao, kimoja kila mwisho na kimoja katikati kwa sababu waya wa inchi 75 lazima ulegee tumboni, na hapo ndo maana kila ubavu una vipande viwili, ndoano ya kati inashika waya pale vinapokutana, na begi unalivutia hapo. Waya ukate mfupi kidogo kuliko nafasi yake ili uvutike ndo ukaze. Ina faida ya bei, waya ni rahisi kuliko velkro, hasara yake kuvua na kuvisha kila ukifua kunachosha.

Kufua, mara moja kwa mwezi inatosha, ila kama una wasiwasi wa kunguni basi maji ya moto hasa, nyuzi 60 na kuendelea, maana mikunjo ya rinda na pindo ni sehemu wanayopenda kujificha. Na ukivua kagua pia ule utepe kwenye ubao kwa tochi.

Umegusia mwishoni dabo deka ya watoto, kwamba chini wanataka wafungiwe kama kijumba. Hapo ni waya wa pazia tu, ufungwe kwa ndani ya ubao wa kitanda cha juu upande wa mbele, kitambaa kiishie usawa wa godoro la chini na sio sakafuni, kwa sababu wataning'inia nacho, na waya ukikatika afadhali kiwe kitambaa chepesi cha kitenge kuliko kile kizito cha pazia. Mtoto akiwa bado hajafika miaka mitatu usifunge kabisa, subiri.